Siku Sita kwenye Nyasi: Lang'ata, Kitengela, Laikipia, Narok

Tumeandika haya baada ya kurudi Nairobi, tukiyaunganisha kutoka daftari mbili zilizojaa vumbi na picha kama 400 za simu. Tulikuwa wanne, na sote kazi yetu ni malisho. Tulichokifuata ni kimoja: namna moto na mnyama mla nyasi wanavyogombea sahani moja. Nyasi iliyoingia tumboni mwa ng'ombe haiwezi kuungua, na mahali palipoungua leo ndipo ng'ombe atakapokimbilia mvua ikinyesha. Anayeangalia moto peke yake, au mifugo peke yake, anapata nusu ya habari, na tumeona maamuzi ya nusu habari yakigeuza tambarare kuwa vichaka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: fremu ya chuma ya nusu mita kwa nusu mita (fundi wa jua kali aliichomelea kwa shilingi 350), mkasi wa kukatia ua, mizani ya jikoni na mifuko ya karatasi. Unakata nyasi zote zilizo ndani ya fremu hadi karibu na udongo, unazikausha, unapima. Gramu ulizopata zidisha kwa 40, hizo ni kilo kwa hekta. Kwa hiyo gramu 100 ni kilo 4,000. Nyasi mbichi hudanganya kwa sababu unapima maji. Jicho nalo hudanganya, kwani mkono hupenda kuiweka fremu penye nyasi nzuri. Tembea hatua 20 bila kuchagua, iweke hapo ulipofika, na urudie mara 10 au zaidi kabla ya kuchukua wastani.

Jumatatu, 17 Februari. Mbuga ya Nairobi

Gari la kukodi na dereva lilikuwa shilingi 9,000 kwa siku, mafuta juu yetu. Ada ya raia tulipoingia ilikuwa shilingi 430, nayo hulipwa kwa eCitizen, pesa taslimu hazipokelewi langoni. Ada hizi hurekebishwa, basi hakikisha bei na ulipe ukiwa bado nyumbani. Tulipoteza dakika 40 kwenye lango la Lang'ata Road kwa sababu mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kupotea. Kijana wa foleni ya nyuma, aliyekuwa amewaleta wazazi wake kutoka Kakamega, alitugawia intaneti yake bila kuombwa.

Mbuga hii ilifunguliwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu. Ina uzio pande tatu. Upande wa kusini uko wazi, Mto Mbagathi ukiwa mpaka, na ng'ambo yake ndiko tambarare za Athi na Kapiti. Zamani nyumbu na punda milia walitoka huko kwa makundi makubwa wakati wa kiangazi, wakaingia mbugani kufuata maji, wakala nyasi zilizokuwa zimelimbikizwa. Siku hizi njia imezibwa na nyua, machimbo na nyumba, na nyumbu wanaofika ni wachache mno kuliko wa miaka ya 1970. Wageni wengi huhuzunika kwa ajili ya nyumbu. Sisi tulitazama nyasi walizoziacha.

Kwenye udongo mweusi katikati ya mbuga, Themeda triandra, ile nyasi inayokuwa nyekundu ikikomaa, ilikuwa imesimama hadi magotini, na sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu. Rangi ya kijivu ndiyo ya kuangaliwa. Ni mashina yaliyokufa msimu uliopita au ule wa kabla yake. Yanalifunika shina kwa chini, mwanga haufiki kwenye machipukizi mapya, na kitita kinaanza kufa kutoka katikati kwenda nje. Themeda haipendi kuliwa mfululizo bila kupumzishwa, lakini pia haipendi kuachwa. Asipokuja mnyama wala moto kwa miaka kadhaa, inajisonga yenyewe.

Nyati na kongoni tuliwakuta ndani ya nyasi hizo ndefu. Swala tomi hawakuwamo. Hao walikuwa kwenye vipande vifupi karibu na mabwawa, pamoja na ngiri. Mdomo mdogo unataka jani laini, na mnyama mdogo hataki kulala mahali simba anaweza kumkaribia bila kuonekana. Ndiyo sababu mbuga ambayo haichomwi wala hailiwi vya kutosha hupoteza wanyama wadogo kwanza, hata kama hakuna jangili.

Moto hubadilisha nini hapo? Nyasi iliyokomaa na kukauka kiangazi mara nyingi ina protini chini ya asilimia 7, na chini ya kiwango hicho vijidudu vya tumboni mwa mnyama acheuaye vinashindwa kuimeng'enya vizuri. Mnyama anajaza tumbo huku anakonda. Baada ya kuchomwa na kupata mvua kidogo, chipukizi huwa na protini nyingi zaidi, na hakuna mashina makavu ya kuchambua. Wanyama hujazana hapo kwa wiki na miezi. Kwa kuwa wanakula hapo kila siku, nyasi hazirefuki, na mwaka unaofuata moto ukija haukuti cha kula pale. Utaungua upande wa pili, ule walioutelekeza wanyama. Kisha wanyama watahamia huko. Hivyo kiraka cha nyasi fupi kinatembea juu ya ardhi mwaka hadi mwaka, na kila aina ya mnyama inapata urefu wake.

Mbegu ya Themeda ina mkia uliosokotwa ambao hujikunjua unyevu ukija na kujisokota tena ukikauka, na kwa kufanya hivyo huichimbia mbegu ardhini. Sentimita moja au mbili chini ya udongo, moto wa nyasi hupita juu bila kuidhuru. Mmea wenye mbegu ya namna hii umeishi na moto tangu zamani sana.

Ndani ya mbuga hukati hata unyasi mmoja bila kibali, kwa hiyo fremu ilibaki garini. Chakula cha mchana tulikila nje, kibandani kando ya Lang'ata Road: chapati mbili na madondo, shilingi 120.

Jumanne, 18 Februari. Kitengela hadi karibu na Isinya

Matatu ya kutoka mjini hadi Kitengela ilikuwa shilingi 150 asubuhi, kisha bodaboda mbili kwa shilingi 400 kila moja. Barabara ya vumbi hupita kati ya nyua za waya, moja baada ya nyingine, na mabango ya ploti za kuuzwa.

Mzee mmoja wa Kimaasai alitukuta tumeinamia fremu kando ya njia akatuuliza tumepoteza nini. Tulipomweleza alicheka, akatupeleka kwenye ardhi yake tupime tutakavyo. Mkewe alitupikia chai ya maziwa na akakataa kabisa kulipwa. Tuliacha sukari kilo 2 na majani ya chai, na mwenye kupita njia hizo afanye vivyo hivyo, maana pesa mkononi inaweza kumvunjia mwenyeji heshima.

Wastani wa fremu 10 kwenye malisho yake ya kawaida ulikuwa gramu 9, yaani kilo 360 kwa hekta. Moto hausambai kwenye nyasi kama hizo. Kwa kawaida unahitaji kilo 1,500 hadi 2,000 kwa hekta, tena zilizoshikana bila mapengo ya udongo mtupu. Lakini kwenye olopololi yake, malisho ya ndama yaliyozungushiwa miiba karibu na boma, tulipata gramu 48. Ng'ombe wale wale, mvua ile ile. Tofauti ni kupumzishwa.

"Zamani wazee waliamua, tunachoma upande ule kabla ya mvua, kupe wanakufa na majani mapya yanakuja," alisema. "Sasa nikiwasha, nitalipa nguzo za jirani."

Kuhusu kupe yuko sahihi. Moto huwaua wale waliopanda juu ya nyasi kusubiri mnyama, na nyasi fupi baadaye huwakausha wanaobaki. Hata hivyo ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, haimalizwi na moto peke yake: wanyama wa jirani huwaleta kupe wapya, kwa hivyo kuogesha kunaendelea.

Jambo lililotusumbua zaidi Kitengela ni miti midogo. Kila mgunga una miaka ambayo ni mfupi kuliko miali ya moto. Ukiungua katika umri huo, sehemu ya juu hufa, mizizi huchipua tena, na mti unarudi kwenye futi ya kwanza. Unaweza kuzuiwa hivyo kwa miaka mingi. Mifugo ikila nyasi zote, moto unakosa kuni na mgunga unatoroka. Mgunga ukishapita mita mbili au tatu, moto wa kawaida hauuwezi tena. Kisha kivuli na mizizi yake vinapunguza nyasi, moto unazidi kuwa dhaifu, na duara linajifunga. Watu husema "ukame umeleta vichaka". Ukame unachangia, lakini kilichofungua mlango ni malisho yaliyoliwa hadi udongo. Sehemu nyingine za Kajiado mlango huohuo umeingiza Ipomoea hildebrandtii, kichaka cha maua ya zambarau ambacho ng'ombe hawakitaki.

Mwenye vichaka tayari asitegemee moto pekee. Moto huwashusha matawi hadi kimo cha mdomo, kisha mbuzi wanamalizia machipukizi. Mbuzi wasipofuata, baada ya misimu miwili mitatu vichaka vimerudi, tena na mashina mengi kuliko ya awali.

Jumatano, 19 Februari. Njiani kwenda Nanyuki

Nauli shilingi 700, safari ya saa nne na nusu badala ya tatu na nusu, kwa sababu gurudumu lilipasuka kabla ya Sagana na jeki haikuwemo garini. Dereva wa lori la viazi alisimama akatukopesha yake, hakutaka hata soda. Karatasi ya kupimia ikaliwa na matone ya mvua ya Karatina. Chumba Nanyuki kilikuwa shilingi 1,500, maji ya moto asubuhi tu.

Jioni ile tulikaa na jamaa anayesimamia uchomaji kwenye ranchi, tukaandika kanuni zake, na tunaziweka hapa kwa sababu makosa ya moto hayasameheki. Kwanza sheria: Kenya ina Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, na huwashi moto kwenye nyasi zisizo zako bila idhini. Mjulishe chifu, wajulishe majirani siku kadhaa kabla, na uwajulishe tena asubuhi ya siku yenyewe.

Lengo likiwa kuondoa nyasi mfu tu, choma kukiwa na baridi: chini ya nyuzi 20, unyevu wa hewa juu ya asilimia 50, nyasi zaidi ya kilo 4,000 kwa hekta. Kwa kawaida hiyo ni kabla ya saa tano asubuhi au baada ya saa tisa na nusu alasiri. Lengo likiwa vichaka, unahitaji moto mkali: kilo 4,000 au zaidi, joto juu ya nyuzi 25, unyevu chini ya asilimia 30. Katika hali zote mbili upepo usizidi kilomita 20 kwa saa. Pasipo na upepo kabisa pia ni hatari, kwa sababu hujui utageukia wapi ukianza.

Fyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo lote. Anza kuwasha upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo na kupanua ule mkanda hadi mita 20 au 30 za majivu. Kisha washa pembeni, pande zote mbili. Mwisho kabisa ndipo unawasha upande upepo unakotoka, na moto unakimbia hadi unakutana na majivu unazima. Usidhani moto unaorudi dhidi ya upepo ni mpole kwa sababu ni mfupi: unatembea taratibu, joto lake linakaa chini, na unaweza kuumiza kitovu cha nyasi kuliko ule unaokimbia. Kopo la kudondoshea moto hujazwa dizeli sehemu 3 na petroli sehemu 1. Petroli ikizidi, mshikaji ndiye anayeungua. Pampu za mgongoni za lita 20, fimbo zenye kipande cha ukanda wa mpira, na watu wanaobaki usiku. Mavi makavu ya ng'ombe na magogo hushika moto ndani kwa ndani, upepo wa asubuhi unauamsha, na hapo ndipo moto mwingi hutoroka, watu wakiwa wameshaenda nyumbani kulala.

Alhamisi, 20 Februari. Mpala, Laikipia

Kituo cha Utafiti cha Mpala hakiingiliwi ovyo. Andika barua pepe wiki kadhaa mapema, na panga gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Udongo mweusi ukilowa hata bodaboda inasimama.

Huku kuna viwanja 18, kila kimoja hekta 4, vilivyoanzishwa mwaka 1995. Tofauti yao ni nani anaruhusiwa kuingia. Vingine wanyamapori wakubwa wote wamezuiwa, vingine wamezuiwa tembo na twiga tu, vingine viko wazi. Na kila aina ipo yenye ng'ombe na isiyo na ng'ombe. Ukisimama kwenye kona ya uzio unaona kwa macho mistari minne mitano ya urefu wa nyasi, iliyokatwa kama kwa rula. Nyasi ni chache kwa aina: Themeda, aina mbili za Pennisetum, Brachiaria lachnantha na Lintonia nutans ndizo sehemu kubwa. Miti karibu yote ni Acacia drepanolobium, eluai kwa Wamaasai, ule wenye vinundu vyeusi vinavyopiga mluzi upepo ukipita.

Mwaka 2013 vipande ndani ya viwanja hivyo vilichomwa kwa utaratibu. Ng'ombe walipunguza nyasi na moto ukawa wa joto la chini. Wanyamapori vivyo hivyo. Joto la namna hii hupimwa kwa rangi maalum zilizopakwa kwenye vipande vya shaba, kila rangi ikiyeyuka kwa nyuzi zake. Lakini kilichotukalisha pale muda mrefu ni chungu, wale sisimizi wa mitini.

Vile vinundu ni nyumba za chungu, na kwa kawaida koloni moja hushika mti mmoja. Wana aina nne, na humlinda mwenyeji wao: hata tembo anaukwepa mti wenye chungu wakali. Penye malisho, moto ulikuwa baridi na chungu wengi wakapona. Palipofungwa kwa uzio bila mnyama, moto ulikuwa mkali na wakafa wengi. Tena hawafi sawasawa. Crematogaster nigriceps, aliye mnyonge akipigana na Crematogaster mimosae, husikia moshi akashuka mtini mapema, kisha hurudi. Baada ya moto hujikuta amepata miti zaidi. Naye ana tabia ya kutafuna machipukizi na maua ya mti wake. Kwa hiyo ng'ombe wa mwaka huu huamua ukali wa moto wa mwakani, moto huamua chungu gani atabaki, na chungu huamua umbo la mti na kama utazaa. Yote hayo kutokana na urefu wa nyasi.

Viwanja hivyo pia vimejibu swali ambalo wafugaji huulizana kila siku: punda milia ni adui wa ng'ombe? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kiangazi ndiyo, wanagombea chakula, na ng'ombe huongezeka uzito kwa kiasi kidogo kuliko wakiwa peke yao. Wakati wa mvua mambo hugeuka. Punda milia anakula mashina makavu, anamfungulia ng'ombe majani mabichi, na ng'ombe hunenepa zaidi akiwa na punda milia kuliko akiwa peke yake. Ni kazi ileile ya moto, bila majivu.

Ukubwa wa kiraka unahitaji akili. Wanyama wadogo ndio wanaovutwa zaidi na palipoungua. Wakubwa wanahitaji wingi wa chakula kuliko ubora. Ukichoma kipande kidogo mahali penye wanyama wengi, watajazana hapo hadi udongo utoke, na Themeda itakufa. Ukichoma eneo kubwa kuliko midomo uliyonayo, hawaumalizi uchipuaji, nyasi zinawashinda, na baada ya msimu mmoja umerudi ulipoanza. Huko Oklahoma, Marekani, ambako nyati wa Marekani huachwa wafuate viraka vilivyochomwa wenyewe, desturi ni kuchoma takriban theluthi moja kila mwaka kwa zamu. Kwetu mvua haitabiriki hivyo. Tunaona ni heri kupima kilo mwisho wa mvua ndipo uamue kama mwaka huu kuna cha kuchoma au la. Na ukishachoma, zuia mifugo hadi chipukizi zifike angalau kimo cha kiganja. Kuwaachilia wiki ya kwanza ndiko kunakoua nyasi, halafu lawama hubebwa na kiberiti.

Ijumaa, 21 Februari. Nanyuki hadi Nairobi, kisha Mai Mahiu hadi Narok, shilingi 600 kwa kipande cha pili. Malori yalituchelewesha kwenye mteremko. Tulifika saa tatu usiku, tukala nyama choma nusu kilo na ugali kwa 550.

Jumamosi, 22 Februari. Nje ya Narok

Ukielekea Mara unapita nchi ambayo hadithi hii iliandikwa kwa kiwango kikubwa kuliko popote. Sotoka ilifika miaka ya 1890 ikaua ng'ombe na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne iliyopita, ugonjwa ukapungua hata porini, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo hiyo yote ilikula kuni za moto. Moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi Serengeti. Mara hapakuwa hivyo. Moto mkali wa miaka ya 1960 ulikuwa umeangusha misitu, na hata ulipopungua, tembo waliendelea kung'oa miche. Moto ulifungua uwanda, tembo wakauweka wazi. Chanjo ya ng'ombe, basi, ilibadilisha miti.

Mwenyeji wetu, mama mwenye duka la vocha, alimtuma mwanawe atuonyeshe boma lililohamwa kabla yeye hajazaliwa. Ni duara la kijani lenye upana wa hatua 70 hivi, nyasi fupi za kutambaa, bila mti hata mmoja, katikati ya nyasi ndefu. Samadi ya zizi huacha rutuba inayodumu. Katika kaunti hii hii ya Narok, watafiti walichapisha mwaka 2018 kuhusu maboma ya wafugaji wa kale, ya miaka 1,500 hadi zaidi ya 3,500 iliyopita, ambayo udongo wake bado una rutuba kuliko wa jirani. Wanyama huja kwa ajili ya nyasi tamu, wanaacha mavi yao, na mzunguko unajiendesha.

Mwaka uliopita moto ulipita hapo. Tulifuata visiki vyeusi vya nyasi kutoka kilimani, vimejipanga kuelekea duara. Hatua mbili kabla ya ukingo wake vinakwisha, na ndani hakuna hata alama ya moshi. Kijana alituambia mbuzi wao walilala humo usiku ule.

Matatu za kurudi Nairobi huanza kuwa haba baada ya saa kumi na moja jioni. Tulipata nafasi mbili mbele na mbili kwenye kiti cha nyuma, fremu ikafungwa juu ya kibebeo pamoja na magunia ya mkaa.